Chuo Kikuu cha Kanisa Si Seminari

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, kuna wazazi wa jumuiya yetu ndogondogo wanaonisubiri mlangoni baada ya sala. "Baba, wewe umesomesha wawili vyuo vya Kanisa. Huyu wetu tumpeleke?" Jibu langu ni refu kuliko subira ya mtu aliyesimama na viatu mkononi, basi nimeliandika.

Nianze na kosa langu. Kijana wangu alisoma seminari ndogo miaka sita. Huko aliamshwa kwa kengele, alilala kwa kengele, simu ilikuwa marufuku, na likizo alikuja nyumbani na barua ya Padre Gombera inayoeleza mpaka jinsi anavyofua. Alipopata nafasi katika chuo kikuu kimoja cha Kanisa (sikitaji, maana sehemu kubwa ya lawama ni yangu) nikajisemea moyoni, mtoto yuko mikononi mwa mapadre, mimi nitafute ada tu.

Hosteli zilikuwa chache, zikajaa kabla hajafika. Akapanga geto nje na wenzake watatu. Hapakuwa na kengele. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza jana ulirudi saa ngapi. Bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia wiki ya kwanza walikula kuku, wiki ya nne walikula mihogo. Muhula wa kwanza akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, hakuniambia. Wa pili sapu nne. Nilipata habari siku alipodisko, yaani alipoondolewa chuoni kwa kufeli, tena kwa mdomo wa dada yake. Nilipanda basi kwenda kuuliza kwa nini hawakunijulisha. Mama mmoja wa ofisi ya usajili akanijibu kwa upole kwamba mwanafunzi wao ni mtu mzima na matokeo anapewa yeye mwenyewe. Nilikasirika njia nzima ya kurudi. Nilipofika nyumbani nikatambua kwamba mama yule alikuwa sahihi, ingawa bado naona wangeweza kuwa na mlezi wa wanafunzi anayejua sura zao.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomrudishia mzazi ni hili: mwanao, ukimwacha mwezi mzima na pesa mfukoni bila kumpigia simu, atafanya nini? Kama hujui, jina la mtakatifu kwenye geti halitakusaidia. Mtoto aliyezoea kusukumwa anahitaji kwanza kitanda ndani ya hosteli ya chuo, na hilo unaliuliza kabla ya kulipa chochote: je, mwaka wa kwanza wote wanapata, au ni bahati nasibu? Na usiridhike na jibu la simu. Nenda ukaone.

Dada wa kijana wangu alikuwa habari nyingine. Alitaka uandishi wa habari tangu kidato cha pili, alikuwa anasoma taarifa ya habari mbele ya kioo mpaka mama yake anachoka. Akaenda SAUT, chuo kikuu cha Kanisa kilichoko Nyegezi, Mwanza. Hapo nilikubali bila kusumbua, kwa sababu Nyegezi haikuanza jana. Askofu Joseph Blomjous alianzisha kituo cha mafunzo ya jamii pale mwaka 1960, na kilipopandishwa kuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino mwaka 1998, fani ya habari ilikuwa tayari ina mizizi. Sikiliza redio zetu, kila baada ya muda utakuta mtangazaji aliyepita Malimbe, kwenye majengo ya chuo hicho. Binti naye alipanga nje, naye alikula mihogo wiki ya nne, lakini alijua alichofuata.

Hapo ndipo ninapoweka uzito: kozi, halafu mtoto, halafu dini ya chuo. Maaskofu wana vyuo vingi nchini na kila kimoja kina kinachokibeba. Bugando, chuo cha afya cha Mwanza, kinabebwa na hospitali ya rufaa iliyo mlango wa jirani. Mwanafunzi anaona wagonjwa halisi kutoka Kanda ya Ziwa nzima. Mwenge, Moshi, kinajulikana kwa walimu. Ruaha, Iringa, kina wanasheria. Lakini chuo kikifungua kozi mpya mwaka huu kwa sababu inavuma, usidhani imerithi sifa za kozi kongwe zilizo jengo la pili. Uliza wahadhiri wangapi wa kudumu wapo kwenye idara ile, na wangapi wanakuja Ijumaa na kuondoka Jumapili. Kwa sheria, kumbuka pia kwamba akitaka uwakili bado atapitia Law School of Tanzania, shule ya sheria kwa vitendo, awe ametoka chuo cha serikali au cha Kanisa. Pale mtihani ni ule ule kwa wote.

Na usisahau TCU, Tume ya Vyuo Vikuu. Binti yangu alipoomba mwaka 2015, maombi yote yalipita mfumo mmoja wa tume. Tangu 2017 mtoto anaomba chuoni moja kwa moja, na mwaka huo huo tume ilivizuia vyuo 19 kudahili mwaka wa kwanza. Vingine vilikuwa na majina ya watakatifu. Fungua mwongozo wa udahili wa mwaka husika, itafute kozi yenyewe, uone sifa za kujiunga na miaka yake. Kipeperushi kilichogawiwa kanisani baada ya matangazo si mwongozo.

Pesa sasa. Bodi ya Mikopo inawakopesha hata wanafunzi wa vyuo binafsi, wazazi wengi bado hawalijui hilo. Ila mkopo hutolewa kwa kupima uwezo wa familia, na asilimia ya ada isiyofunikwa ni yako. Jibu la mkopo huja wakati familia imeshajaa matumaini, kama ninavyomtania mke wangu, kwa hiyo piga hesabu kana kwamba hatapata. Halafu soma karatasi ya malipo mpaka chini. Ada ya masomo iko juu kwa herufi nzito. Chini yake kuna usajili, mitihani, kitambulisho, chama cha wanafunzi, mazoezi kwa vitendo. Enzi za binti yangu kulikuwa na 20,000 za TCU na 50,400 za bima ya afya. Moja moja ni ndogo, zikikusanyika ni mbuzi wawili. Uliza pia ada inalipwa kwa awamu ngapi na nini kinatokea usipomaliza kabla ya mtihani. Chuo cha Kanisa kinaishi kwa ada. Huruma ipo, lakini mhasibu haoni huruma kwenye mfumo wake, na mtoto asiyemaliza ada hukaa nje wenzake wakifanya mtihani. Kaulize mapema, ukiwa huna shida bado.

Jirani yangu mmoja, hajati, alinijia kimya kimya: binti yake amechaguliwa uuguzi chuo cha Wakatoliki, je, watambatiza? Nilicheka, halafu nikaona aibu, maana swali lilikuwa la haki. Nikampeleka kwa paroko. Padre akamweleza kwamba katiba ya Papa Yohane Paulo wa Pili kuhusu vyuo vikuu vikatoliki, ya 1990, inataka uhuru wa dhamiri wa kila mtu uheshimiwe, na kwamba masomo ya mafundisho ya Kanisa yapatikane kwa wanafunzi wote. Hayo ni maandishi. Ya kila siku unayauliza chuoni kwenyewe: hijabu darasani na wodini inaruhusiwaje, Ijumaa saa saba ratiba ikoje, Ramadhani kantini inafungua alfajiri? Msabato aulize habari ya mitihani ya Jumamosi, hilo limewaliza wengi. Wala Mkatoliki asidhani yeye hana la kuuliza. Misa ipo, TMCS, chama cha wanafunzi Wakatoliki, ipo, na kijana wangu aliyetumikia altareni miaka sita alikuwa anapita mbele ya kanisa la chuo akienda kununua chipsi.

Kijana huyo alikaa nyumbani mwaka mzima, akabeba tofali, akaomba upya chuo cha serikali kozi nyingine, akamaliza. Siku moja aliniambia kwamba ile ya kwanza hakuitaka kabisa. Aliijaza kwa sababu mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti pale kwenye intaneti kafe.

Kitindamimba wetu ana kidato cha sita mwakani. Anataka famasia. Ameniandikia vyuo vitatu kwenye karatasi, viwili vya serikali na kimoja cha maaskofu, na pembeni ya kila kimoja ameandika bei ya chumba cha kupanga. Mama yake bado anamsukuma akiweke kile cha maaskofu chaguo namba moja. Mimi safari hii nakaa sebuleni.