Lupu inayozidi kuzorota kwenye UniVerse

SWALI: Rekodi zetu za ankara kwenye UniVerse (mfumo wa hifadhidata) zina hadi thamani 4,000 katika uga wa 7. Lupu ya FOR inayosoma REC<7,I>, yaani thamani ya I ya uga huo, huanza kwa kasi, kisha huzorota. Tufanyeje?

JIBU: Uga huo ni mfuatano mmoja mrefu wa herufi, thamani zikitenganishwa na alama maalumu, CHAR(253). Kila unapoomba REC<7,I>, alama huhesabiwa upya tangu mwanzo. Kwa thamani 4,000, hizo ni hatua zaidi ya milioni 8. Utoe uga kwanza: ORODHA = REC<7>. Kisha ndani ya LOOP andika:

REMOVE KITU FROM ORODHA SETTING ALAMA

REMOVE hukumbuka ilipoishia. Huweka thamani inayofuata kwenye KITU, na kwenye ALAMA namba ya alama iliyoifuata: 3 kwa CHAR(253), 0 kwa mwisho wa mfuatano.

Kosa linalowanasa wengi ni hili: thamani ya mwisho huja pamoja na ALAMA = 0. Ukiipima ALAMA kabla ya kuchakata KITU, thamani hiyo inapotea, na jumla ya ankara inapungua bila onyo lolote. Chakata kwanza, ndipo UNTIL ALAMA = 0, halafu REPEAT.

Usiibadili ORODHA ndani ya lupu. Kiashiria cha REMOVE, yaani mahali ilipoishia, hurudi mwanzo. Na ALAMA ikisoma 4 badala ya 3, umekutana na CHAR(252): thamani ina vijithamani ndani yake.