Kagua kigezo kabla ya kumsaka mbaguzi

Wengi wanaoanza kazi ya kupinga ubaguzi wa rangi humsaka mtu mbaya. Wasipomwona anayetukana wenzake, huamini pahali pao ni salama. Ubaguzi wa kimfumo hukaa katika kigezo, fomu na mazoea ya ofisi, na huendelea kuumiza hata aliyeuanzisha akishastaafu.

Kesi ya kusoma mapema ni ya Griggs dhidi ya Duke Power, kampuni ya umeme ya North Carolina, Marekani. Kabla ya 1965 wafanyakazi weusi waliwekwa idara moja tu, ya vibarua, ambayo mshahara wake wa juu haukufikia ule wa chini wa idara nyingine. Julai 2, 1965, siku sheria ya kukataza ubaguzi katika ajira ilipoanza kutumika, kampuni iliongeza mitihani miwili juu ya sharti la cheti cha sekondari. Rangi haikutajwa popote. Wazungu walioajiriwa zamani bila cheti waliendelea na kazi zilezile, tena vizuri. Mwaka 1971 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba kigezo kinachowaengua watu weusi bila kuhusiana na kazi ni haramu, hata kama mwajiri hakukusudia kubagua. Shika hilo: nia njema haifuti madhara.

Sasa geukia kwenu. Chagua uamuzi mmoja tu, tuseme kuajiri, uhesabu hatua kwa hatua: walioomba, walioitwa kwenye usaili, waliopewa kazi. Wakiomba wazungu 60 wakaitwa 30, hiyo ni asilimia 50. Wakiomba weusi 40 wakaitwa 12, ni asilimia 30. Gawanya 30 kwa 50, upate asilimia 60. Miongozo ya ajira ya Marekani tangu 1978 huchukulia uwiano ulio chini ya asilimia 80 kuwa dalili ya madhara. Ni dalili, si hukumu; na waombaji wakiwa wachache, mtu mmoja huyumbisha hesabu yote, hivyo unganisha miaka kadhaa.

Ukiona pengo, uliza kila kigezo: kazi hii inakihitaji kweli? Sharti la shahada mara nyingi halina jibu. Mapendekezo ya wafanyakazi waliopo nayo yaangalie sana, maana watu huwaleta wanaofanana nao. Kuficha majina kwenye maombi husaidia hatua ya kwanza tu. Usaili ukiwa mazungumzo huria, upendeleo unarudi hapo. Waulizeni wote maswali yaleyale, na kila msaili aandike alama zake kabla ya kujadiliana.

Kosa linalotuuma zaidi ni kumgeuza mfanyakazi mweusi pekee kuwa mwalimu wa wote, bila malipo wala mamlaka. Mkimhitaji, mwombeni, mlipeni, na akikataa asiulizwe sababu. Semina ya siku moja nayo haibadilishi kitu ikiwa kanuni zimebaki vilevile.

Kikaoni mtu akisema mgombea "hataendana na sisi," usinyamaze wala usimtukane. Mwulize papo hapo: ni kigezo gani kilichoandikwa ambacho hakukitimiza? Jibu liingie kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya kubadilisha kanuni, hesabu tena kwa njia ileile. Pengo likibaki, rudi hatua iliyotangulia, hata pale tangazo la kazi lilipopelekwa.