Podi isiyo na mrija: saa 72, yuniti 200 na mfuko wa akiba

Mwenye kisukari anayeacha sindano za kila siku na kuhamia kwenye podi, yaani pampu ndogo ya insulini inayobandikwa kwenye ngozi, hupata nafuu mbili zinazoonekana mara moja: hajichomi tena mara nne au tano kwa siku, na hana mrija unaoning'inia kiunoni kama wa pampu za kawaida. Kuna jambo la tatu ambalo halionekani, nalo ndilo linalopaswa kueleweka kabla ya yote. Podi hubeba insulini ya kasi peke yake. Ile ya muda mrefu uliyokuwa ukichoma usiku, iwe glargine, detemir au degludec, haimo tena mwilini. Podi ikikwama saa nne usiku, kufikia alfajiri mwili umebaki mkavu bila insulini na ketoni, zile tindikali ambazo mwili hutoa ukikosa insulini, zimekwisha kuanza kupanda. Karibu kila ninachoeleza hapa chini kinatokana na hilo.

Nazungumzia podi za Omnipod, za aina mbili: DASH na Omnipod 5. Huku Uingereza maswali yameongezeka tangu NHS, huduma ya afya ya umma, ianze, mwaka 2024, kuwapa wenye kisukari cha aina ya kwanza mifumo inayounganisha pampu na sensa ya sukari. Vipimo vyote nimeviandika kwa mmol/L, vinavyotumika Uingereza, Kenya na Tanzania. Aliye Marekani azidishe kwa 18 apate mg/dL.

Podi yenyewe ni kiboksi cha plastiki chenye urefu wa sentimita 5.2, upana 3.9 na kimo 1.45, uzito wake gramu 26 kabla ya kutiwa insulini. Ndani mna tangi, betri, mota na sindano inayochoma mara moja tu, ikaacha chini ya ngozi mrija laini wa plastiki uitwao kanula, kisha sindano ikarudi ndani. Hukaa mwilini saa 72. Zikiisha hukupa saa 8 za ziada, kisha inasimamisha insulini. Hizo saa 8 ni za dharura. Ukizifanya desturi, ipo siku itazima uko kwenye basi au katikati ya usingizi.

<b>Kuijaza</b>

Podi hutiwa insulini ya kasi ya U-100 (yuniti 100 kwa mililita), kama NovoRapid au Humalog, kutoka kwenye kichupa. Hili nalisisitiza kwa wanaosafiri kwenda nyumbani, kwa sababu kwenye vituo vingi vya afya Afrika Mashariki insulini inayopatikana kwa urahisi ni Mixtard, Insulatard na Actrapid. Mixtard na Insulatard zina rangi ya maziwa na ni marufuku kabisa ndani ya podi. Actrapid ni angavu kama maji, lakini hufanya kazi polepole kuliko insulini ambazo podi hii imetengenezewa, na hesabu zote za kifaa zitakwenda kombo. Hizo tatu, ukilazimika kuzitumia, ni za kuchoma kwa sindano, tena kwa dozi ya daktari.

Kiasi cha chini cha kujaza ni yuniti 85, cha juu ni 200. Anayetumia yuniti 40 kwa siku anahitaji 120 kwa siku tatu; ongeza 15 au 20 za akiba, inatosha. Kujaza 200 kila mara ni kumwaga dawa, maana kinachobaki hakirudishwi kichupani. Ujue pia kwamba kifaa hakikuonyeshi kiasi kamili kilichobaki mpaka kishuke chini ya yuniti 50. Juu ya hapo utaona "50+" tu.

Toa kichupa kwenye friji nusu saa kabla. Insulini baridi inapopata joto huachia hewa, na povu ndilo adui mkuu wa kazi hii. Yuniti moja ni sehemu ya mia ya mililita. Kipovu chenye ukubwa wa yuniti 3, kikipita kwenye kanula ya mtu anayepokea yuniti 0.75 kwa saa, ni sawa na saa nne bila insulini, na hakuna kengele itakayolia. Kwa hiyo vuta insulini taratibu, shika sindano wima, igonge kwa ukucha mpaka vipovu vikusanyike juu, visukume nje, ndipo uchome tundu la kujazia lililo chini ya podi. Chomeka wima, usiilaze sindano. Sukuma polepole. Podi italia "pii" mbili ikishapata yuniti za kutosha. Ukishatia zaidi ya 85 na iko kimya, hiyo ni mbovu, weka kando uchukue nyingine. Baada ya hapo iache karibu kabisa na kidhibiti (kifaa cha mkononi cha kuiendeshea podi) au simu ijipime yenyewe. Ukitoa kifuniko kidogo cha sindano ukaona kanula imekwisha kuchomoza, usiibandike.

<b>Mahali pa kubandika</b>

Tumbo, mgongo wa chini, nyonga, paja, na nyuma ya mkono wa juu. Kaa mbali na kitovu kwa sentimita 5, na kila podi mpya iwe angalau sentimita 2.5 kutoka ilipokuwa ya zamani. Tumboni na mgongoni ilale kwa ulalo. Mkononi na pajani isimame. Usiweke panapobanwa na mkanda, sidiria, kamba ya mkoba au fundo la kanga.

Kila mtu ana pahali pake pa mazoea, na hapo ndipo matatizo huanzia. Ngozi inayochomwa kila mara huota uvimbe laini wa mafuta usiouma, na kwa sababu hauumi watu huupenda. Insulini ikiingia humo hunyonywa inavyotaka: leo kidogo, kesho yote kwa pamoja. Pitisha vidole kila wiki kutafuta panapojaa kama mpira, na upaache kwa miezi.

Gundi nayo ina masharti yake. Ngozi iwe kavu na isiwe na mafuta. Mafuta ya nazi, losheni na vaselini vinaua gundi kabla ya siku ya pili. Oga kwa sabuni, futa kwa pamba ya spiriti, subiri ikauke yenyewe bila kupuliza, kisha bandika na ukandamize kingo kwa kidole kwa dakika moja. Kwenye joto la Mombasa au Dar usibandike ukiwa umetoka kutembea, poa kwanza. Kingo zikianza kuinuka ziwekee plasta, lakini acha wazi kidirisha cha kutazamia kanula. Mtoto au mtu mwembamba abanwe ngozi kwa vidole viwili, na usiachie mpaka sindano ichome. Utasikia tik, tik, tik, kisha mchomo mmoja wa ghafla. Tazama sasa: kiashiria cha waridi kionekane juu ya podi, na kanula ionekane kidirishani ikiwa imezama ngozini.

<b>Saa ya kubadilisha</b>

Badilisha asubuhi, au alasiri kabla ya chakula cha jioni, kamwe si wakati wa kulala. Podi mpya inatakiwa ithibitishwe kwa kupima sukari baada ya saa moja na nusu hadi mbili, na aliyelala hapimi. Ukibadilisha kabla ya mlo, dozi ya mlo huo ndiyo mtihani wa kwanza wa podi: sukari isipoitikia, umejua mapema ukiwa macho.

Podi hufeli kwa namna mbili. Ya kwanza ina kelele: insulini haipiti, kifaa kinatambua mgandamizo na kulia mfululizo. Hiyo ni rahisi, unaitoa na kuweka nyingine. Ikigoma kunyamaza hata baada ya kutolewa, upande wa chini, kwenye kona ya ncha iliyo bapa, pana kitundu kilichofunikwa. Choma humo kwa nguvu na klipu ya karatasi iliyonyooshwa. Ndiyo maana mfuko wa akiba huwa na klipu.

Ya pili ni ya kimya, na mimi naiogopa zaidi. Kanula imejikunja au imetoka nusu, insulini inavuja juu ya ngozi, mgandamizo haupo, kifaa kinaamini kazi imefanyika. Skrini itakuambia umepewa yuniti 6 za mlo huku zote zimenyonywa na gundi. Tumia pua. Insulini ina vihifadhi vyenye harufu kali ya dawa, kama ya wodini. Ukinusa podi ukapata harufu hiyo, au gundi ikawa na unyevu, au kidirishani kukawa na damu, usijadiliane nayo.

Kanuni ya kufuata ni hii. Sukari ikizidi 13.9 bila sababu unayoijua, pima ketoni za damu. Zikiwa chini ya 0.6, unaweza kutoa dozi ya kurekebisha, yaani ya kushusha sukari, kwa podi na kupima tena baada ya saa moja au mbili. Isiposhuka, badilisha podi. Zikiwa 0.6 au zaidi, dozi ya kurekebisha ichomwe kwa kalamu ya insulini au sindano, si kwa podi unayoishuku, kisha weka podi mpya, kunywa maji, na upime tena. Zikizidi 1.5 piga simu kwa wauguzi wako wa kisukari. Zikifika 3.0, au ukitapika, ni hospitali, tena haraka. Ukichoma kwa kalamu kumbuka kifaa hakijui. Andika saa na yuniti, usije ukaongeza dozi juu ya dozi.

<b>Chakula na hesabu</b>

Kliniki ndiyo itakayokupa namba za kuanzia, lakini ni vizuri kujua zinatoka wapi. Gawa 500 kwa jumla ya insulini yako ya siku, upate gramu za wanga zinazofunikwa na yuniti moja. Gawa 100 kwa jumla hiyohiyo, upate yuniti moja inashusha mmol ngapi. Wa yuniti 40: gramu 12.5, na mmol 2.5. Hizo ni za kuanzia tu, hurekebishwa kwa vipimo vya wiki kadhaa.

Nunua mizani ya jikoni. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi, lakini sahani ya wali ya nyumbani ni vikombe viwili au vitatu, na ugali hukatwa kwa jicho. Pima chako mara chache, jicho litajifunza. Toa dozi dakika 15 kabla ya kula. Kwa pilau, biriani na chapati zenye mafuta, sukari hupanda kwa kuchelewa, hivyo dozi iliyogawanywa, sehemu sasa na sehemu kwa saa mbili tatu zijazo, hufaa zaidi. Kwenye Omnipod 5 hilo linawezekana ukiwa katika hali ya kuongoza mwenyewe tu.

Omnipod 5 ikiwa katika hali ya kujiendesha hupokea sukari kutoka kwenye sensa na kubadilisha insulini kila dakika 5 kwa kukisia saa moja ijayo, ikilenga namba uliyochagua kati ya 6.1 na 8.3. Hesabu hufanyika ndani ya podi, kwa hiyo simu ikibaki chumbani kazi inaendelea. Podi na sensa ziwe upande mmoja wa mwili ili zionane. Na sukari ikishuka, gramu 5 hadi 10 za glukosi mara nyingi zinatosha badala ya zile 15 za zamani, kwa sababu podi ilikwisha kupunguza insulini kabla wewe hujatetemeka. Ukinywa soda nzima utajikuta kwenye 14.

Anayetaka kufunga Ramadhani aonane na daktari wiki kadhaa kabla. Miongozo ya IDF (shirikisho la kimataifa la kisukari) na DAR (muungano wa kisukari na Ramadhani) inashauri insulini ya msingi, ile inayotiririka kidogo kidogo usiku na mchana, ipunguzwe kwa asilimia 20 hadi 40 katika saa tatu nne za mwisho kabla ya futari, na kufungua mara moja sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6.

<b>Safari</b>

Gawa siku za safari kwa tatu, kisha ongeza nusu yake. Siku 30 ni podi 10. Beba 15, zote kwenye mkoba wa mkononi pamoja na insulini, maana sehemu ya mizigo ya ndege inaweza kuigandisha. Podi zinapita kwenye mashine za uwanja wa ndege bila shida, ila kwa vipimo vya hospitali vya MRI na CT itolewe kwanza. Ukifika, badilisha saa ya kidhibiti: London na Dar hutofautiana saa mbili au tatu kulingana na majira, na ratiba ya insulini ya msingi hufuata saa hiyo.

Insulini iliyo ndani ya podi isizidi nyuzi 37. Kwenye jua la pwani iweke tumboni chini ya nguo, si mkononi. Baharini ingia nayo: inavumilia mita 7.6 kwa dakika 60. Kidhibiti kiache kwa mtu mkavu.

Mfuko wa akiba, unaokwenda nawe hata sokoni: podi mbili, kichupa cha insulini, kalamu ya insulini ya kasi, kipimo cha sukari na cha ketoni pamoja na vijiti vyake, glukosi, pamba za spiriti, klipu. Nyumbani weka kalamu ya insulini ya muda mrefu ambayo haijapitwa na wakati, na karatasi iliyoandikwa kwa mkono: jumla ya insulini ya msingi kwa siku, viwango vya mlo na vya kurekebisha, na dozi ya muda mrefu aliyokukubalia daktari endapo podi zitakwisha. Kidhibiti kikifa, namba zako zote zinakufa nacho. Ipige picha karatasi hiyo umtumie na ndugu mmoja.

Podi iliyotumika ina betri, sindano na masalia ya insulini. Ikusanye kwenye chombo kigumu chenye kifuniko na uirudishe kliniki, na ukiwa kijijini usiitupe kwenye shimo la takataka zinazochomwa, kwa sababu betri ikipata moto inaweza kulipuka.