Maswali na Majibu: Mimea Kwanza, Samaki Baadaye

Habari za kazi, fundi. Jumamosi nilinunua tangi na samaki 12. Leo Jumatano wamebaki 4 na maji yana ukungu mweupe. Tatizo nini? (Tabata, Dar es Salaam)

Tatizo ni Jumamosi. Swali hili haliishi, kinachobadilika ni idadi ya waliokufa tu. Na kama kawaida, hakuna lita, hakuna vipimo, hakuna aina ya samaki.

Samaki anapumua na kunya amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria wanaoigeuza amonia kuwa naitraiti, na wale wanaoigeuza naitraiti kuwa naitreti isiyo na madhara makubwa, hawauzwi pamoja na kioo. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuota kwenye sponji ya filta. Huo ukungu ni bakteria wengine kabisa, wala si uchafu. Wenyewe hawaui, basi usiwamwagie dawa.

Kuokoa hao wanne: badilisha nusu ya maji leo, kisha robo kila siku mpaka amonia na naitraiti zisome sifuri. Lisha chembe chache, siku moja ndiyo, inayofuata hapana. Maji ya bomba toa klorini kwanza kwa dawa yake yenye thiosalfeti, au yaache kwenye ndoo wazi saa 24. Kama unatumia kisima, pima pH (kipimo cha uasidi wa maji): kwenye pH 8, sehemu ya amonia yenye sumu ni karibu mara kumi ya ile ya pH 7. Ndiyo maana jirani yako anaweza kuwa na kiasi kilekile cha amonia na samaki wake wanadunda.

Tangi lijalo panda mimea, washa filta, tia amonia safi isiyo na sabuni wala manukato hadi kipimo kisome miligramu 2 kwa lita. Dozi hiyo ikimalizika ndani ya saa 24 na naitraiti ikawa sifuri, badilisha maji mengi, ndipo uende dukani. Nunua sita, subiri wiki mbili, ongeza. Muuzaji anayekupakia samaki na tangi siku moja anajua utarudi kununua wengine.

Mchanga wa baharini unafaa? (Likoni, Mombasa)

Dondoshea siki. Mchanga ukitoa mapovu una chokaa ya matumbawe na makombe, nao utapandisha pH na ugumu wa maji (wingi wa madini kama chokaa) kila siku. Tumia wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi.

Nataka kuweka udongo wa shambani chini ya mchanga badala ya ule wa dukani wa bei mbaya. Nitaharibu? (Morogoro)

Hutaharibu ukifuata vipimo, na kwa mimea ya mizizi ni bora kuliko changarawe za rangi. Chukua udongo wa kawaida ambao haujawekewa samadi, mbolea ya dukani wala dawa ya wadudu. Uchekeche, toa mizizi na majani. Uloweke, umwage maji ya juu, urudie mara tatu nne mpaka takataka ziache kuelea. Tandaza sentimita 2, basi. Juu yake mchanga wa mtoni sentimita 3 hadi 4. Udongo ukizidi hapo hukosa hewa, huoza, na ukiuchoma kwa kidole unatoa mapovu yanayonuka mayai viza.

Mimina maji juu ya sahani, yasichimbe shimo. Panda kwa wingi siku hiyohiyo: valisneria nyuma (huota yenyewe Ziwa Tanganyika, maji magumu hayaisumbui), na ule mmea wa kuelea wenye majani kama sindano, seratofilamu, unaonyonya amonia kwa pupa. Mashina matatu kwenye tangi zima ni kuupandia mwani shamba. Taa saa 6 kwa siku mwezi wa kwanza, kwa saa ya kuzima yenyewe, na tangi lisikae dirishani. Ukishapanda usihamishehamishe, kila unapong'oa unaleta tope juu.

Mmea wangu wa anubiasi unaoza na ule wa kriptokorini umeyeyuka wote. (Arusha)

Anubiasi umeizika. Kile kishina kinene kinacholala kikae juu ya mchanga. Kifunge kwenye jiwe au gogo kwa uzi. Kriptokorini huyeyuka ikihamishwa. Kata majani yaliyooza, acha mizizi, ngoja wiki tatu.

Tangi langu ni la sm 60 × 30 × 35. Nataka neoni 10, mbuna 4, goldifishi 2, oskari 1 na pleko wa kusafisha. Watatosha? (Mbezi, Dar es Salaam)

Zidisha, gawa kwa 1,000: lita 63. Toa mchanga na nafasi ya juu, una kama 50. Oskari anafika sentimita 30, na neoni kwake ni chakula. Pleko wa kawaida anapita 40, na si wa kusafisha kama unavyodhani; anakula sana na kunya sana. Goldifishi atang'oa mimea. Mbuna wa Ziwa Nyasa ni fahari yetu, lakini ni wagomvi wa kwenye miamba na wanataka maji magumu ya pH 8, tangi lao wenyewe la mita moja na kuendelea. Neoni ametoka mito ya Amazon, na kwenye nyuzi 29 au 30 za Dar hadumu.

Weka gapi dume 8 na konokono wachache. Kama maji yako si magumu sana, ongeza koridorasi sterbai 6, kambare wadogo wa chini wanaostahimili joto, juu ya mchanga laini usiowakata ndevu. Basi.

Gapi wamezaana kupita kiasi, nimwage mtaroni? (Kisumu)

Hapana, wala mimea usimwage. Mnaoishi na gugumaji ziwani hamhitaji kuambiwa. Rudisha dukani, baki na dume tupu. Jike mmoja tu aliyekwisha kupandwa atakuzalia miezi kadhaa bila dume.

Filta isafishwe mara ngapi?

Maji yakianza kutoka kwa uvivu, na sponji ikamuliwe kwenye maji yaliyotolewa tangini, kamwe si bombani.

Umeme ukikatika usiku kucha nifanye nini? (Kigamboni)

Usilishe. Washa pampu ya hewa ya betri. Huna, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu kila baada ya muda. Gizani mimea nayo inatumia oksijeni, na maji ya moto yanabeba kidogo. Filta ya ndoo ya nje iliyozimika saa nyingi usiiwashe tu umeme ukirudi: ifungue, mwaga maji yaliyooza ndani, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe.

Hita ni lazima? (Ngong)

Kwenu ndiyo: wati 1 kwa lita, nyuzi 25. Ichomoe kabla ya kutoa maji, maana ikiwaka nje ya maji kioo chake kinapasuka. Dar, weka pesa hiyo kwenye kipima joto na feni.