Re: Sheria za darasa la Kemia, kidato cha pili

Mwalimu, karibu Kakamega. Umeuliza kama sheria 20 ulizoandika za kuwasomea wanafunzi siku ya kwanza zinatosha. Zimezidi! Mimi hapa Kisumu nimebaki na chache tu.

Za usalama hazina mjadala: hakuna kuingia maabara kabla yangu au fundi wa maabara, hakuna kuonja kitu. Asidi humiminwa kwenye maji, si maji kwenye asidi kali, kwa sababu joto linalozuka laweza kuchemsha mchanganyiko ukaruka usoni. Wape hiyo sababu, wasikariri tu.

Inayonitoa jasho ni ya daftari. Kila kipimo kiandikwe palepale kwa wino. Kikikosewa kipigwe mstari mmoja, kisifutwe. Wakati fulani nilikuta meza nzima ina vipimo vya bureti (mrija wenye alama wa kupimia kimiminika) vinavyofanana hadi desimali ya pili. Walikuwa wamenakiliana, bila shaka. Niliwarudisha maabara saa ya michezo waanze upya, na walinuna kweli kweli. Lakini karatasi ya tatu ya Kemia, ile ya vitendo, katika KCSE (mtihani wa mwisho wa sekondari Kenya) ina alama 40, na jedwali la titresheni (kudondosha kimiminika kimoja kwenye kingine hadi mmenyuko ukamilike) lina alama zake humo.

Kiboko sahau, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekikataza. Na anayevunja pipeti (mrija wa kioo wa kunyonyea kimiminika) aseme tu, asitozwe hapo hapo. Nilipokuwa natoza, vipande vilifichwa kwenye sinki, na aliyekatwa kidole ni fundi wetu.