Bendi Yako ya Miaka ya Tisini Ikirudi Jukwaani, Nenda

Bendi ikitangaza kurudi baada ya miaka mingi, maneno hayaishi: wamezeeka, wamefuata pesa, bora wangetuachia kumbukumbu zetu. Usiwasikilize. Mimi nilikwenda kuwaona Pavement, bendi ya roki ya Marekani, katika ukumbi wa Roundhouse, London, Oktoba 2022, na tangu hapo kila anayeniuliza kama aende kuiona bendi yake namwambia akate tiketi leo.

Kabla ya kwenda, jikumbushe historia yao. Pavement walianzia Stockton, California, mwaka 1989, wakavuma miaka yote ya tisini, na Novemba 1999 wakapiga onyesho la kuagana Brixton Academy, London hiyohiyo. Usiku ule mwimbaji wao, Stephen Malkmus, alining'iniza pingu kwenye stendi ya maikrofoni, akasema ndivyo alivyojisikia kuwa ndani ya bendi. Walirudi 2010, wakatawanyika tena. Ukiyajua hayo, macho yako yanaona mengi zaidi. Malkmus akigeuka kumtazama mpiga gitaa mwenzake, Scott Kannberg, kabla hawajaingia kwenye kiitikio, wewe unajua kwa nini jambo dogo namna hiyo linakukaba koo.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: usiende kudai nyimbo zisikike kama kwenye albamu. Albamu unayo nyumbani. Safari hii walimwongeza Rebecca Cole kwenye kibodi, na nyimbo zilizokuwa zikiyumbayumba enzi za kaseti zikapata mwili. Sauti ya Malkmus si ile ya ujana wake, na mimi naipenda zaidi sasa, kwa sababu maneno anayaimba bila haraka. Bob Nastanovich, mpiga ala za midundo na mwitikiaji wao, ndiye aliyebaki vilevile, anarukaruka na kupayuka kwa koo lake lote. Shabiki anayesimama pale akilinganisha kila noti na ya zamani anajinyima raha aliyoilipia. Kwa sababu hiyohiyo, usichungulie mtandaoni orodha ya nyimbo walizopiga jana yake.

Na vijana waachie nafasi. Mbele yangu walikuwapo wengi ambao mwaka 1999 hawakuwa wamezaliwa. Ulipoanza Harness Your Hopes, wimbo wa ziada wa mwaka huohuo ambao haukuingia hata kwenye albamu, wao ndio walioupokea kwa shangwe kuliko sisi wote, maana uliwafikia kupitia intaneti. Kuna wenzangu hupenda kuwahoji vijana hawa kama ni mashabiki wa kweli. Tuache hiyo tabia. Bila wao ukumbi ungepoa mapema sana.

Masikio yako yalinde, hili nalisema kwa msisitizo. Wataalamu wa usalama kazini wanakadiria kwamba sikio linahimili desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda huo unakatika nusu. Zikifika 100, na onyesho la roki hufika kirahisi, una dakika 15 tu. Nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vinavyopunguza ukali wa sauti lakini gitaa na maneno unayasikia vizuri. Vile vya sponji hufifisha zaidi sauti za juu, ukabaki na besi inayovuma.

Simama karibu na meza ya fundi mitambo, kwa kuwa yeye hupanga sauti kwa anachokisikia pale alipo. Pia uchunguze ukumbi mapema. Roundhouse ilijengwa 1847 kwa ajili ya kugeuzia injini za treni, na paa lake limebebwa na duara la nguzo za chuma. Ukiangukia nyuma ya nguzo, nusu ya jukwaa huioni.

Jambo la mwisho ni la mfuko. Pavement walipiga Roundhouse zaidi ya usiku mmoja, na nyimbo walikuwa wakizibadilisha. Bendi yako ikifanya hivyo na uwezo unao, kata tiketi mbili, ya pili iwe ya usiku wa mwisho.