Maswali ya Wasomaji: Alice Guy na Namna ya Kuzitazama Filamu Zake

Maswali ya safari hii yote yanamhusu Alice Guy (1873–1968), Mfaransa aliyeingia kampuni ya Léon Gaumont jijini Paris akiwa karani, akaishia kuongoza utengenezaji wa filamu zake zote hadi 1907. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuongoza filamu.

SWALI: Nimeona mtandaoni filamu iitwayo *La Fée aux choux*, imeandikwa 1896. Ina mwanamke mmoja na makabichi. Kwingine nimeona nyingine ya jina hilohilo, lakini ina watu watatu. Ipi ndiyo yenyewe?

JIBU: Zote ni kazi ya Alice Guy, ila hakuna hata moja kati ya hizo iliyo ya 1896. Hesabu watu, utazitambua papo hapo. Ukimwona malaika wa hadithi peke yake, akitoa watoto wachanga nyuma ya makabichi ya bandia na kuwalaza chini mbele ya kamera, hiyo ni ya mwaka 1900, na haizidi dakika moja kwa kiasi kikubwa. Wakiwapo mume na mke waliokuja kuchagua mtoto, hiyo ni *Sage-femme de première classe* ya 1902, inayochukua dakika chache. Angalia pia mandhari: katika ya 1902 wahusika wanahama kutoka seti ya kwanza kwenda ya pili, wakati ile ya 1900 haitoki mahali pamoja.

Alice Guy mwenyewe aliandika kwamba ya kwanza aliitengeneza 1896. Wanahistoria bado wanauvutania mwaka huo, na mkanda wenyewe haujapatikana.

SWALI: Kwa nini watu katika filamu zake wanatembea kama wanafukuzwa? Ndivyo walivyoelekezwa kuigiza?

JIBU: Hapana. Kosa ni la mwendo wa mkanda, na linawaonea waigizaji wake. Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono, mara nyingi kwa fremu (picha moja moja za mkanda) kama 16 hadi 18 kwa sekunde. Mashine za baadaye zinaonyesha fremu 24. Futi moja ya mkanda wa milimita 35 ina fremu 16, kwa hiyo futi 1,000 zina fremu 16,000. Kwa mwendo wa 16 zinachukua dakika 16 na sekunde 40. Kwa mwendo wa 24 zinakwisha kwa dakika 11 na sekunde chache. Mtu aliyekaa kitini taratibu anaonekana ameanguka.

Kama programu yako ya video inaruhusu kupunguza mwendo, jaribu asilimia 75, ambayo inakurudisha kwenye fremu 18. Ikibaki haraka, shuka hadi 67, yaani fremu 16. Usipime kwa watu wanaokimbia, maana hao hudanganya. Pima kwa kitu kisichoigiza: kinywaji kinachomiminwa, moshi, upindo wa gauni unaotulia baada ya mtu kusimama. Nakala nyingi za hifadhi za filamu zimekwisha kurekebishwa, na ukipunguza tena wahusika watatambaa.

Kuna filamu zisizopaswa kuguswa. *Avenue de l'Opéra* ya 1900 inaonyesha barabara ya Paris ikienda kinyumenyume, watu na magari ya farasi. Huo ni mchezo wake wa makusudi.

SWALI: Kila mtu anasema alikuwa wa kwanza. Mimi nataka kuona ufundi. Nitazame wapi?

JIBU: Swali hili limetufurahisha, kwa sababu sifa ya kuwa wa kwanza imemfunika mwongozaji mwenyewe. Tazama *Madame a des envies* ya 1906, dakika nne hivi, na uitazame mara mbili.

Mara ya kwanza fuata kisa. Mama mjamzito anatembea na mumewe anayesukuma kigari cha mtoto. Mama anashikwa na uchu: anampokonya mtoto pipi ya kijiti, anachukua kinywaji cha mtu mezani, samaki wa maskini, hata kiko cha mwanamume mwingine. Mume anabaki nyuma akikabiliana na wenye mali.

Mara ya pili usihangaike na mume. Tazama kinachotokea kila baada ya wizi: filamu inakatwa, na mama anatokea kwa karibu, uso na mabega, akilamba ile pipi kwa raha zake zote. Angalia nyuma yake. Bustani imetoweka, kuna ukuta mtupu tu. Ndipo unapojua kwamba picha hizi zilipigwa kando, kisha zikaunganishwa mahali pake. Wakati huo waongozaji wengi walipotumia picha ya karibu, ilikuwa ni kuonyesha kitu ambacho mtazamaji asingekiona kwa mbali. Hapa pipi tumekwisha kuiona. Picha ya karibu haituongezei habari; inatupa utamu wa pipi. Picha ya mbali ni ya majirani na lawama zao, ile ya karibu ni ya mama peke yake. Ulimi unazunguka, macho yanapanda juu, na kwa sekunde hizo hakuna anayemdai.

Baadaye, katika studio yake ya Solax huko Fort Lee, Marekani, alitundika kibao kikubwa kilichowataka waigizaji wasijitie, wawe kama walivyo. Agizo hilo linaukumbusha uso huu wa 1906.

SWALI: Ni kweli aliongoza filamu zenye sauti kabla ya 1910? Zilifanyaje kazi, na kwa nini zikaachwa?

JIBU: Ni kweli, na alitengeneza zaidi ya mia moja kwa mtambo wa Gaumont ulioitwa Chronophone. Mwimbaji kwanza alirekodiwa peke yake, mdomo ukiwa karibu na pembe ya kurekodia, kwa sababu pembe hiyo haikunasa sauti ya mbali. Halafu alisimama mbele ya kamera, santuri ikapigwa, naye akaimba akiifuata. Ukumbini, injini za santuri na za projekta ziliunganishwa kwa umeme, na fundi alikuwa na kidhibiti cha kuharakisha au kupunguza mwendo wa picha.

Udhaifu ulikuwa kwenye mkanda. Ukikatika na fundi akatupa fremu 16 ili kuunga, picha inaitangulia sauti kwa sekunde nzima kuanzia hapo hadi mwisho. Dawa yake ni kuziba pengo kwa idadi ileile ya fremu nyeusi. Tatizo la pili ni nguvu ya sauti, maana pembe haikutosheleza ukumbi mkubwa, wakalazimika kutumia hewa iliyoshindiliwa kuikuza. Tena santuri ilikuwa fupi, ikatosha wimbo mmoja tu.

Ukimtazama Félix Mayol akiimba katika filamu hizo za 1905, utaona kamera haisogei wala hakuna mkato. Usidhani mwongozaji alikosa ubunifu: kukata kungevunja ulinganifu wa mdomo na sauti.

SWALI: Nianze na zipi?

JIBU: Baada ya *Madame*, chukua *Les Résultats du féminisme* (1906), ambamo wanaume wanashona na kulea huku wanawake wakinywa mkahawani. Fuata na *Falling Leaves* (1912): mtoto anamsikia daktari akisema dada yake atakufa jani la mwisho litakapoanguka, basi anatoka usiku na uzi, kuyafunga majani mtini. *La Vie du Christ* (1906) ina sehemu 25 na inapita nusu saa. Itazame kwa vipande. Ukikuta imeandikwa jina la Victorin Jasset, usibabaike: alikuwa msaidizi wa Alice Guy, na kwa miaka mingi kazi hiyo ilihesabiwa kuwa ya Jasset.